Maziwa Juu ya Stempu

Nyumbani kwa Koko, juu ya Ngaramtoni, picha ya baba mkubwa imetundikwa juu ya mlango wa sebuleni tangu kabla sijazaliwa. Amevaa koti zito lenye manyoya shingoni, nyuma yake kuna theluji, na anacheka. Koko ni mama yake baba. Sisi Waarusha ndivyo tunavyomwita bibi. Picha ya baba yangu haipo ukutani. Nilipokuwa mdogo niliuliza kwa nini, akanijibu kwamba baba yupo, nikitaka kumwona niende zizini.

Jibu lile lilinikera nikiwa darasa la nne na linanikera mpaka leo, nikiwa na shahada ya sosholojia na chumba cha kupanga Ngarenaro. Nimekulia chini ya kivuli cha mtu ambaye sikuwahi kumwona. Baba mkubwa alipata ufadhili wa kusoma uhandisi katika nchi ya Ulaya ambayo siku hizi haipo hata kwenye ramani. Alifia hukohuko na kuzikwa hukohuko. Alichoacha nyumbani ni binti aliyekuwa bado tumboni wakati anaondoka, pamoja na barua. Baba yangu miaka ileile alikuwa askari. Alipelekwa kusini, nje ya mipaka, akalala porini, akarudi, akaoa, akafuga ng'ombe. Kosa lake ni kurudi.

Barua za ndugu hao wawili zilikaa pamoja kwenye bati la biskuti chini ya kitanda cha Koko, kila fungu limefungwa kwa kipande chake cha kanga. Zote zilifika kwa sanduku la posta la usharika. Watu wanasimulia kwamba siku hizo, baada ya ibada, mnada wa ndizi na kuku wa sadaka ulipokwisha, mzee wa kanisa alisimama pale nje na kuita majina ya waliopata barua. Lilipoitwa jina la Koko kwa barua ya Ulaya, watu walisogea kuiona stempu. Ilipoitwa ya jeshini hakusogea mtu.

Niliwahi kuliomba bati lile nikiwa chuo, nikasema ni kwa ajili ya utafiti. Koko akasema hizo si za shule. Basi fikiria nilivyojisikia siku niliyopigiwa simu na binti wa baba mkubwa, ambaye namwita dada, akiniambia kwamba Koko amempa bati.

Dada anafanya kazi mapokezi kwenye hoteli moja mjini. Kulikuwa na wageni wawili wamepanga ukumbi mdogo wa hoteli hiyo, wataalamu wa stempu na barua za zamani, na mtu yeyote alikaribishwa kuleta vyake vipimwe na kuambiwa thamani. Dada alimweleza Koko, Koko akainama, akalivuta bati na kumkabidhi. Hivyo tu. Hakuulizwa ni la nini wala ni la shule au si la shule.

Nilimwambia dada nitakwenda naye. Nilitoa sababu nzuri sana: matapeli ni wengi, utaalamu wenyewe nani kawapa, lazima awepo mtu wa kuuliza maswali. Dada akasema sawa msomi, njoo uulize. Lakini haja yangu ilikuwa nyingine. Nilitaka, mara moja tu, mtu asiyeijua familia yetu azipime barua za ndugu hawa wawili na kutamka kwamba za baba yangu ndizo bora. Nilitaka Koko aambiwe, nami niwepo nimwone akiambiwa.

Kuna jambo jingine lililokuwa likinichoma. Mimi pia niliwahi kuwa mbali. Mwaka wangu wa kwanza Dar es Salaam nilituma meseji nyumbani karibu kila wiki, ndefu, za mtu aliyekosa usingizi kwa joto na kunguni. Ziliingia kwenye kitochi cha baba, kile kisimu cha vitufe, na baba alimsomea Koko, maana yeye hajui kusoma. Sasa ziko wapi? Kitochi kilikufa kabla mwaka haujaisha. Fundi wa Ngaramtoni alikifungua akasema kimeingia maziwa. Baba alimlaumu paka, akanunua kingine, maneno yangu yote yakapotelea humo. Ya baba mkubwa yamelala kwenye bati, yamefungwa kwa kanga, miaka yote hiyo.

Asubuhi ya kwenda mjini tulikutana kwa Koko. Ukungu ulikuwa haujainuka kwenye migomba, na Meru hauonekani kabisa. Koko alitoka jikoni na kibuyu. Tulijua kinachofuata. Kwetu mtu anayesafiri, au anayekwenda kufanya jambo kubwa, anaagwa kwa maziwa: mzee anapiga funda, anambariki, kisha anampulizia kwa midomo, matone madogomadogo, kama mtu anayenyunyizia shati kabla ya kulipiga pasi. Koko ni Mlutheri wa kukaa benchi la mbele na haoni ugomvi wowote kati ya mambo hayo.

Alimpulizia dada kichwani na kifuani. Dada alifumba macho, amevaa sare ya hoteli imenyooshwa vizuri, hakusogea hata kidogo. Kisha Koko akafungua bati, akapiga funda jingine na kulipulizia bati lenyewe.

"Koko, ni karatasi hizo," nilisema.

"Zinakwenda kwenye mtihani," alinijibu, akafunika kibuyu. Akanipita, akarudi jikoni.

Alinipita kwa sababu nilishamkatalia. Siku naondoka kwenda chuo nilikuwa na shati jipya na tiketi ya basi la alfajiri. Nikamwambia nimeshaoga, maziwa yatanuka njiani, na kwamba sioni uhusiano wa maziwa na ufaulu. Alisema haya, akaweka kibuyu chini. Tangu hapo hajanigusa nacho. Sina kinyongo na nilichosema, bado sioni uhusiano. Ila kusimama pembeni mikono mfukoni, mkavu, wakati dada anajifuta matone kwenye kope kwa ncha ya kidole kama mtu anayefuta machozi ya furaha, kulinitia joto shingoni.

Ukumbini tulikuta watu wachache wenye sarafu, kadi za Krismasi za zamani, na mzungu mmoja mzee mwenye albamu kubwa iliyofungwa kamba. Wataalamu walikaa meza moja. Mmoja alikuwa mzee wa Kihindi kutoka Nairobi mwenye lenzi imening'inia shingoni na Kiswahili cha pwani. Mwingine alikuwa mama wa makamo aliyezoea nyaraka za zamani. Mzee alishughulika na stempu na mihuri, mama alishughulika na karatasi na wino. Tulimsalimia mzee shikamoo, akaitikia bila kuinua macho.

Wakati tunasubiri nilimuuliza ni nani hupanga kwamba stempu hii ina thamani na ile haina.

"Wanaonunua," alisema.

"Na wao nani amewaambia?"

"Wanaouza."

"Yaani wewe."

"Yaani mimi. Ndiyo maana mimi nimekaa nakunywa chai, na wewe umesimama."

Dada alicheka mpaka akashika meza. Mzee alivuta bati, akafungua fungu la kwanza, la baba mkubwa. Alishika bahasha ya juu kwa kibano, akaigeuza, akaiweka. Akashika ya pili na ya tatu. Kisha akaweka kibano chini.

"Hizi alitunza nani, ndama?"

Bahasha zote zilikuwa na madoa. Kwenye zingine yalikuwa ya manjano yenye ukingo wa kahawia, kama ramani ya ziwa. Zingine zilikuwa zimeliwa na mende kufuata ukingo wa doa. Stempu zilikuwa nzuri, nilikiri hata mimi, zenye wanariadha na roketi na maua ambayo sijawahi kuyaona, lakini zilikuwa zimevimba, zimeinuka pembe, na wino wa mihuri umesambaa. Mzee alieleza kwa upole kidogo kwamba barua za wanafunzi wetu kutoka nchi ile zinatafutwa, na kama zingekuwa safi angekuwa na maneno mengine. Kwa hali ile ni kumbukumbu ya familia. Alisema hivyo kama daktari anayemwambia mtu apumzike nyumbani.

Dada alisema asante. Sauti yake ilikuwa ndogo. Ningependa kuandika kwamba nilimhurumia. Nilikuwa nahesabu pumzi nikisubiri fungu la pili.

Mzee alifungua kanga ya pili, na pale pale mkono wake ukabadilika. Alishika bahasha ya kwanza taratibu, akainua lenzi. Bahasha za baba zilikuwa nyembamba, za bei nafuu, mwandiko umeinama kama majani yaliyopigwa na mvua. Lakini zilikuwa safi. Hazina doa wala tundu. Mzee alimwonyesha mama muhuri, wakanong'ona. Akatuambia muhuri ule ni wa posta ya jeshi, wa kambi iliyokaa muda mfupi tu, na kwamba yeye amewahi kuona mmoja maishani mwake, tena nusu. Aliuliza kama tunauza. Alitaja bei ambayo kwetu ni mtamba mzuri wa maziwa, na ndama juu.

Nilimtazama dada. Nilisubiri miaka mingi kuutazama uso ule wakati ule. Alikuwa anatabasamu.

"Hongera, mdogo wangu," alisema. "Baba mdogo ameshinda."

Nilitaka akasirike. Ushindi ambao mwenzako hauoni kama ushindi hauna ladha.

Mzee aliendelea kuzisifu. Akasema hapati mara nyingi barua za huku vijijini zikiwa hivi, maana watu huzishika, huzisoma tena na tena, huzifungia vitunguu. "Hizi mtu hakuzigusa," alisema. "Alizisoma mara moja akaziweka. Mlikuwa na bahati."

Nilimwambia kutoguswa si lazima iwe bahati. Akasema sokoni ni bahati.

Yule mama alikuwa bado na fungu la baba mkubwa. Alikuwa ameziweka bahasha kifudifudi, akainusa moja. Nami nikamwambia haraka, kabla hajauliza, kwamba bati lilikaa nyumba yenye vibuyu, bila shaka maziwa yalimwagika, ni jambo la kawaida. Alitikisa kichwa.

"Yangemwagika yangepata na hizo nyingine," alisema. "Zilikuwa bati moja. Tena angalia. Kila bahasha doa linaanzia nyuma, hapa, kwenye jina la aliyeandika. Limepita mpaka mbele. Si tukio moja, hizi ni siku tofauti. Hayakumwagika haya, binti. Mtu aliyalenga."

Dada aliweka kidole juu ya jina la baba yake, katikati ya doa, akakiacha hapo. Nami nikaelewa kabla sijataka kuelewa. Kila barua ya Ulaya ilipofika, Koko aliipulizia. Na ya baba yangu, aliyekuwa porini na bunduki, aliisoma kwa macho ya mtu mwingine, akaifunga, akaiweka. Nilikuwa na barua bora kuliko zote pale mezani, na ubora wake wote ulikuwa ni kwamba hakuna aliyezibariki. Ningebadilishana na dada pale pale, muhuri wa jeshi na mtamba na ndama, kwa bahasha moja iliyoliwa na mende.

Nilimwambia mzee tutafikiria. Njiani kurudi dada aliweka bati mapajani na mikono yote miwili juu yake.

Tulimkuta Koko jikoni anachochea moto, na baba ameketi kwenye kigoda anakunywa chai, buti zake za zizini zimeachwa mlangoni. Dada alieleza yote, vizuri, hata bei. Baba alisikia habari ya mtamba akaacha kunywa.

"Kwa barua zile? Mwandiko ule?" alisema. "Mwambie azichukue leo. Mle ndani niliomba sabuni na soksi tu."

Hakuwa na wivu hata chembe. Sijui nimerithi kwa nani. Nilimgeukia Koko na kumuuliza, kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, kwa nini alipulizia barua za baba mkubwa tu na za baba akaziacha.

Koko hakushangaa. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anakamua ng'ombe na si fahali.

"Baba yako aliniaga," alisema. "Alipiga magoti pale mlangoni, nikampulizia, akaenda. Alipokuja likizo nikampulizia tena. Sasa barua yake niipulizie ya nini? Yeye mwenyewe alikuwa ameloa." Alisukuma ukuni. "Kaka yake tiketi ilitoka ghafla akiwa Dar es Salaam. Alipanda ndege bila kupita nyumbani. Aliondoka mkavu. Nami nikawa namfuata na maziwa kila barua ikija, labda yatamfika."

Dada aliinamisha kichwa juu ya bati. Baba alisema polepole kwamba hakujua, na kwamba mama hakuwahi kumwambia. Koko akasema hukuniuliza.

Ningepaswa kunyamaza hapo. Lakini swali lililobaki lilikuwa langu mwenyewe, na sikuweza kulimeza.

"Mimi pia niliondoka mkavu," nilisema.

"Wewe ulikataa. Ulisema umeoga."

"Hata kama nilikataa. Niliandika kila wiki."

"Uliandika barua?"

"Nilituma meseji, Koko."

"Najua," alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile alionekana kuona aibu kidogo. Alimtazama baba, kisha moto. "Baba yako alinisomea ile ya kunguni. Akatoka kwenda kukamua, akakiacha hapa juu ya kigoda. Kilikuwa bado kinawaka taa. Nikaona nikiwahi kabla hakijazima."

Baba aliweka kikombe chini. "Mama," alisema. "Mimi nilimfukuza yule paka."

"Paka alikuwa mwizi hata hivyo," Koko alisema.

Dada alianza kucheka, akaziba mdomo, akashindwa, na baba naye akacheka mpaka akapaliwa. Mimi sikucheka. Nilikuwa nakumbuka jinsi meseji zangu zilivyokaa wiki mbili bila kujibiwa, na nilivyolala kule hosteli nikiwaza kwamba nyumbani wamenisahau. Kisha dada aliacha kucheka na kunitazama kwa namna ambayo naijua, maana ni mimi niliyekuwa nikimtazama hivyo maisha yangu yote.

"Mimi hajawahi kuniharibia simu," alisema.

Nilimuuliza baba kitochi kile kiko wapi. Akasema alimwachia fundi kwa ajili ya vipuri. Nikainuka.

Fundi wa Ngaramtoni bado yuko palepale, kibanda cha bati chenye mwamvuli, pembeni ya barabara. Dada alishuka nami, akasimama nje amekumbatia bati lake. Nilimweleza fundi ninachotafuta. Hakukumbuka, na nani angekumbuka, lakini alivuta ndoo chini ya meza iliyojaa vitochi visivyo na betri, vingine havina kioo, vingine maganda matupu, akasema nichague, vyote vilikufa kwa maji.

Niliinama juu ya ndoo ile. Nilivitoa kimoja kimoja, nikavigeuza kwenye mwanga, nikavinusa. Nimesoma mbinu za utafiti. Najua ushahidi ni nini na najua mtu anayetafuta anachotaka kukiona hukiona. Baada ya miaka hii hakuna maziwa yanayonuka. Kimojawapo kilikuwa cha rangi ya bluu iliyokwanguka, na cha baba kilikuwa bluu, lakini nusu ya ndoo ilikuwa bluu. Kati ya vitufe kulikuwa na ukoko wa manjano. Ingeweza kuwa chai au uji wa mtoto wa mtu mwingine.

"Hicho kibovu kabisa," fundi alisema. "Hakina hata spika."

Nilimuuliza bei. Alinitazama usoni, akaona kilichokuwepo, na kutaja bei ambayo hakuna kitochi kizima Ngaramtoni kingeifikia. Nililipa.

Dada alikichukua mkononi mwangu, akakigeuza upande wa vitufe, akakwangua ukoko kidogo kwa ukucha na kuuangalia.

"Umepigwa," alisema.

Lakini hakunirudishia mara moja.